Mtoto, Ulimi na Herufi: Tajwidi Katika Nyumba za Nshambya

Mtoto wa Nshambya huishi ndani ya lugha tatu kabla hajabalehe. Nyumbani huamkia kwa Kihaya, shuleni hufunzwa kwa Kiswahili, na jioni, iwapo wazazi wake ni Waislamu, hutia juzuu kwapani akaenda madrasa kukutana na Kiarabu. Lugha mbili za kwanza amezipata bila ya kuambiwa aweke ulimi wapi. Hii ya tatu ndiyo inayomfundisha kwamba ulimi una ncha, una ubavu, una katikati na una shina, na kwamba kila mahali hapo pana herufi yake isiyokubali kuazima nyumba ya jirani.

Elimu hiyo huitwa tajwidi. Maana ya neno lenyewe ni kufanya jambo liwe zuri, na makusudio yake ni kuipa kila herufi ya Kurani haki yake: mahali pa kutokea, sifa yake, na urefu wake. Amri ya kusoma kwa utulivu na mpangilio imo katika sura ya 73, Al-Muzzammil, aya ya nne. Lakini amri ni jambo moja, na koo la mtoto aliyekulia kati ya migomba ya Bukoba ni jambo jingine. Makala haya yanakusudia kumsaidia mzazi aelewe mwanawe anapambana na nini, ili asije akamdhania mvivu kumbe anafanya kazi kubwa.

KIARABU SI MGENI WA JANA

Wapo wanaodhani kwamba Kiarabu kilikuja pande hizi juzi tu, pamoja na redio. Sivyo. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya Karagwe, wakifuata pembe za ndovu. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861 alipita njia ambayo misafara hiyo ilikwisha kuifungua. Na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro tajiri Hamed bin Ibrahim akiwa na maskani yake. Mji wa Bukoba wenyewe, ambao Nshambya ni kata yake, ulianza kuwa kituo cha serikali ya Kijerumani mwaka 1890 alipofika Emin Pasha. Basi sauti ya Kiarabu ilitangulia kusikika katika eneo hili kabla ya bendera ya mkoloni.

Kanuni za tajwidi nazo zina umri mrefu. Msomo unaotumika zaidi katika Afrika ya Mashariki ni ule wa Hafs, aliyeupokea kwa mwalimu wake Asim wa mji wa Kufa katika karne ya nane. Ibn al-Jazari, aliyezaliwa Damascus mwaka 1350 na kufa mwaka 1429, alizitungia kanuni utenzi wa kufundishia ambao unahifadhiwa mpaka leo. Baadaye, mwaka 1198 wa Hijria, yaani karibu mwaka 1784, Sulaiman al-Jamzuri wa Misri alitunga utenzi mfupi wa beti 61 uitwao Tuhfat al-Atfal, yaani Zawadi ya Watoto. Jina hilo lina mafunzo: mwanachuoni aliona kwamba kanuni hizi si mali ya wazee pekee, ni zawadi ya kupewa mtoto angali mdogo.

KISWAHILI: RAFIKI ANAYEDANGANYA

Mtu atasema, “Mtoto wetu ajua Kiswahili, na Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu. Ugumu uko wapi?” Ugumu, ndugu msomaji, umo humo humo. Kiswahili kilipoyakaribisha maneno ya Kiarabu kiliyavisha nguo za nyumbani. Herufi nyingi zilizokuwa mbali mbali zikalazwa chumba kimoja.

Tazama herufi h. Katika Kiswahili tunasema habari, haki na hewa, na h ni moja. Katika Kiarabu maneno hayo matatu yana herufi tatu: habari ina kha ya juu ya koo, yenye kukwaruza, haki ina ha ya katikati ya koo, kavu, kama pumzi ya mtu anayepuliza kioo cha miwani apate kukifuta, na hewa ina ha nyepesi itokayo chini kabisa ya koo. Tazama dh. Dhambi, Ramadhani na dhuluma zote tunaziandika kwa dh moja, lakini Mwarabu ana herufi tatu hapo. Ya dhambi hutoka kwenye ncha ya ulimi iliyogusa meno ya juu. Ya dhuluma hutoka mahali hapo hapo lakini shina la ulimi hunyanyuka, sauti ikawa nene. Ya Ramadhani hutoka ubavuni mwa ulimi unapoegemea magego ya juu, nayo ni ngumu kiasi kwamba Waarabu wenyewe wameiita lugha yao lugha ya dhad.

Kadhalika kalamu na kitabu, ambazo k zake si moja. Salamu na sala, ambazo s zake si moja. Taabu na talaka, ambazo t zake si moja. Na katika elimu na dua imo herufi ambayo Kiswahili kiliiacha njiani kabisa, nayo ni ayn, ya katikati ya koo.

Hasara yake si ya sauti tu, ni ya maana. Qalb kwa qaf ya shina la ulimi ni moyo. Kalb kwa kaf ni mbwa. Tin kwa t nyepesi ni tunda la tini. Kwa t nzito ni udongo. Aliim kwa ayn ni mwenye kujua. Kwa hamza ni chenye kuumiza. Msomaji aliyezoea kulaza herufi chumba kimoja anaweza kumsifu Mola wake kwa neno lisilokusudiwa, wala asitambue.

KIHAYA: MIZIGO NA ZAWADI

Je, Kihaya nacho humsaidia mtoto au humzuia? Jibu la haki ni kwamba hufanya yote mawili.

Mizigo yake inajulikana. Kihaya hakina th, dh wala gh, na ndiyo sababu utasikia baadhi ya watu wakisema samani kwa thamani na zambi kwa dhambi. Tena Kihaya, kama lugha nyingi za Kibantu, kinapenda kila silabi imalizike kwa irabu. Kiarabu hakina haja hiyo. Neno laweza kukatika kwa konsonanti. Kwa hiyo mtoto akifika kwenye neno qul, ulimi wake hutaka kuongeza irabu ya kupumzikia, akasoma kuli. Mwalimu humkatiza, naye hashangai bure: masikioni mwake neno lisilo na irabu mwishoni ni nyumba isiyo na mlango.

Na iko herufi b. Katika Kihaya, b iliyo kati ya irabu, kama katika neno abaana, hutamkwa kwa midomo kugusana kwa wepesi tu. B ya Kiarabu hutaka midomo ifungwe barabara. Tena ni mojawapo ya herufi tano za qalqala, pamoja na qaf, ta nzito, jim na dal, ambazo zikikosa irabu hudundishwa kidogo, kama mpira uliogusa ardhi. Mdundo huo ndio unaomponza mwanafunzi: akizidisha kidogo tu, mdundo umekuwa irabu.

Lakini zawadi nazo zipo. Kubwa kuliko zote ni urefu wa irabu. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa kuvuta irabu kama Kiarabu kinavyofanya. Kihaya hutofautisha, na yako maneno ya Kihaya yanayopishana kwa urefu wa irabu pekee. Neno abaana tulilolitaja lina a ndefu katikati, na hapana Mhaya anayelikata. Basi mwalimu anapoingia katika mlango wa madd, yaani kuvuta, mtoto wa Kihaya anayo tayari masikioni mwake hazina ambayo mwenzake wa mjini asiyejua ila Kiswahili inambidi aitafute. Mzazi anayemkataza mtoto Kihaya kwa kudhani kwamba kitamharibia Kiarabu anamnyang'anya chombo chake cha kazi.

Tena madd si pambo. Laa ndefu katika Kiarabu hukanusha. La fupi husisitiza. Mtu akiikata ndefu amegeuza “hapana” kuwa “hakika”. Na qaala yenye mwisho mfupi ni “alisema” mtu mmoja, hali qaalaa yenye mwisho mrefu ni “walisema” watu wawili. Mvuto wa kawaida ni wa harakati mbili, na ule wa lazima ni wa harakati sita, na walimu wengi humpimia mwanafunzi kwa kukunja au kukunjua vidole kwa mwendo wa wastani. Ndiyo maana utamwona mtoto akisoma huku vidole vyake vikijikunja. Hachezi, anapima.

KANUNI ZA NUNI TULIZOKWISHA KUZIJUA

Mlango unaowatisha wanafunzi wengi ni ule wa nuni yenye sukuni na tanwini. Majina yake ni mazito: idhhari, idighamu, iqlabu na ikhfai. Lakini msomaji asiogope majina. Herufi 28 zimegawanywa katika mafungu manne, na majina ya baadhi ya sura yenyewe yanatosha kuwa mfano.

Nuni ikifuatwa na mojawapo ya herufi sita za koo hutamkwa waziwazi. Mfano ni Al-An'am, sura ya sita, ambamo nuni imefuatwa na ayn. Hiyo ni idhhari. Nuni ikifuatwa na b hugeuka mim yenye kughuniwa puani. Na kwa hiyo sura ya 21, ambayo huandikwa Al-Anbiyaa, husomwa kwa m. Hiyo ni iqlabu, nayo ina herufi moja tu. Nuni ikifuatwa na herufi kumi na tano, miongoni mwake s, t, k na f, hufichwa: ncha ya ulimi haishiki mahali pake pa kawaida, sauti ikabaki puani. Mfano ni Al-Insan, sura ya 76. Hiyo ni ikhfai. Na mwisho, nuni ikiwa mwishoni mwa neno, na neno linalofuata likaanza kwa mojawapo ya herufi sita, ambazo ni y, r, m, l, w na n, humezwa na herufi hiyo. Min likifuatwa na rabbi husomwa mirrabbi. Hiyo ni idighamu. Zikikutana ndani ya neno moja, kama katika dunyaa, nuni haimezwi.

Sasa, msomaji, sema neno ubao, kisha sema wingi wake. Umesema mbao. Ile m imetoka wapi? Ni n ya ngeli iliyokutana na b ikageuka. Sema mimbari, dhambi na tambihi. Kwa Kiarabu yote huandikwa kwa nuni kabla ya b: minbar, dhanb, tanbih. Babu zetu waliyaandika kama yalivyosikika masikioni. Na Mhaya anayesema ente kwa ng'ombe na embuzi kwa mbuzi anafuata mkondo huo huo bila ya kufundishwa. Sema tena benki, polepole, ukiangalia ncha ya ulimi wako: ilipofika n haikugusa ufizi, kwa kuwa k ilikwisha kuivuta nyuma. Hilo linafanana na ikhfai. Basi kanuni ambazo mtoto anaziona ni za kigeni, nusu yake ulimi wake unazitenda kila siku. Mwalimu anayemwonyesha hivyo humtua mzigo. Anayemwachia majina matupu humwongezea.

KAZI YA MZAZI JIONI

Mzazi atauliza: mimi sikusoma tajwidi, nitamsaidiaje mwanangu? Yapo mambo matatu.

La kwanza ni kumjua makhraji. Wanazuoni wengi wamehesabu mahali 17 pa kutokea herufi, katika sehemu kuu tano: uwazi wa kinywa na koo, koo lenyewe, ulimi, midomo, na pua. Iko njia ya kale na nyepesi ya kupajua mahali pa herufi. Chukua herufi unayoitafuta, uiondolee irabu, kisha uitangulizie a. Sema ab: sauti imekatikia midomoni. Sema ak, halafu aq: ya pili imekatikia ndani zaidi. Mtoto na mzazi wanaweza kufanya zoezi hili jikoni wakati ndizi zinachemka. Kioo kidogo kinatosha kuonyesha midomo na ncha ya ulimi, na kidole kikiwekwa kooni husikia tofauti ya ha na ayn.

La pili ni utulivu. Bukoba ni mji wa mvua nyingi, zaidi ya milimita elfu moja na mia tano kwa mwaka, na mvua ikipiga mabati hapana mwalimu awezaye kupambanua s mbili. Kelele nyingine, ya redio na ya mazungumzo, mzazi anaweza kuizuia. Dakika 15 za kimya kila jioni zinamfaa mtoto kuliko saa tatu za siku moja kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu ni kutompiga. Kiboko kimekaa muda mrefu katika vyuo vyetu, na wapo wanaokitetea kwa kusema kwamba nao walipigwa wakasoma. Lakini herufi za koo hutaka koo lililolegea, na mtoto mwenye hofu hubana koo. Ukimpiga kwa sababu ya ayn umeifunga njia ambayo ayn inapita.

Teknolojia nayo ina nafasi yake. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Kurani yote kwa usomaji wa taratibu, na mwaka 1964 Misri ilianzisha idhaa maalumu ya Kurani. Sauti yake, na ya Abdul Basit Abdus-Samad aliyefariki mwaka 1988, ziliingia nyumba nyingi kwa santuri, kwa kanda na sasa kwa simu ya mkononi. Hiyo ni neema. Lakini pana jambo ambalo simu ya kusikilizia haifanyi: inakusomea, haikusikii. Tajwidi imepokewa kutoka kinywa hadi kinywa, mwanafunzi akisoma mbele ya mwalimu na mwalimu akimrudisha.

BIBI NA MJUKUU

Limebaki jambo ambalo husemwa kwa nadra, nalo ndilo linaloumiza zaidi. Tuchukue mfano wa nyumba yoyote yenye vizazi vitatu. Bibi amesali kwa miaka hamsini. Al-Fatiha aliipata kwa kusikiliza, enzi ambazo msichana hakupelekwa chuoni muda mrefu, na anaisoma kwa ulimi wa nyumbani. Mjukuu wa miaka tisa anarudi kutoka madrasa, anamsikia, na mbele ya wageni anasema, “Bibi, umekosea.” Kilichosemwa ni kweli, lakini nyumba imepata jeraha. Bibi anaweza kuanza kusali kwa kunong'ona, au akaacha kusoma kwa sauti mpaka kufa kwake.

Wanazuoni wameyagawa makosa ya usomaji mafungu mawili. Liko kosa la dhahiri, la kubadili herufi au irabu, na hilo ni wajibu kujiepusha nalo kwa mwenye uwezo. Na liko kosa la siri, kama kupunguza mghuno wa nuni, ambalo hutambuliwa na wajuzi. Hapana anayesema bibi aachwe bila ya kufundishwa. Lakini pia imepokewa kwa Bi. Aisha, katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, kwamba anayesoma kwa kutatizika na kupata taabu ana ujira mara mbili. Ulimi uliokaza kwa uzee haudharauliwi.

Mtoto afundishwe, pamoja na kanuni za herufi, kanuni ya adabu. Asimwambie bibi amekosea. Akae karibu naye, asome kwa sauti, kisha aseme, “Bibi, nisikilize kama nimeipata vizuri.” Bibi atasikiliza, na sikio lake litafanya kazi ambayo kukosolewa kusingeifanya. Baada ya majuma machache huenda wakawa wanasoma pamoja. Na akina mama wanaotaka kuanza ukubwani wasione haya. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, lakini ulimi si samaki, haukauki maadamu unasema.

Mwisho, tusisahau maana. Mtoto anaweza kuzishinda herufi zote akasimama mashindanoni, akashangiliwa, na asijue alichokisoma. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipotoa tafsiri yake ya Kiswahili, Qurani Takatifu, mwaka 1969, alimwekea Mswahili mlango wa pili kando ya ule wa sauti. Basi jioni ya leo, mwanao atakapomaliza aya zake, mpimie madd kwa vidole vyako, kisha mfungulie tafsiri msome maana yake pamoja. Mkutane, yeye na wewe, katika neno moja lililotamkwa sawasawa na kueleweka.